Kicheko cha Kuazima

Kicheko kilichotoka chumba cha tatu kilikuwa cha Nyanzala. Mwenyewe alikuwa amesimama koridoni, kikombe cha chai mkononi, mdomo ameufumba.

Alikijua kama mtu anavyozijua kandambili zake mlangoni. Kilianza chini, kikapanda kwa mikwaruzo, kikakatika ghafla kana kwamba mchekaji kakumbuka ameacha maziwa jikoni. Hakuna mwingine aliyecheka hivyo katika Kituo cha Ushauri cha Jamvi, labda hata Morogoro nzima. Na mle ndani alikuwamo Aikande Mmasi, mwanamke wa Machame, aliyekuwa shemasi wa Kilutheri kabla ya kuwa mshauri, mtu ambaye wenzake walikuwa hawajawahi kuyaona magego yake.

Amechota tu, Nyanzala alijiambia. Kisima kipo kwa ajili hiyo. Lakini vinyweleo vilimsimama mikononi, akaacha kunywa chai.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mama wa makamo mwenye kitenge cheusi. Alikuwa Tupokigwe, mjane wa fundi mitambo wa reli, mtu wa Rungwe aliyehamia mjini hapa na mumewe na sasa alikuwa amebaki peke yake. Nyanzala alimpisha. "Ndaga fijo," mama yule akamshukuru kwa lugha ya kwao, kwa unyenyekevu wa watu waliolelewa vizuri, ingawa Nyanzala hakuwa amemfanyia lolote. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyepotea sana kisha akaonyeshwa njia. Nyanzala aliona ni dalili njema. Nani asingeona hivyo?

Kila mshauri wa Jamvi alikuwa na uzi nyuma ya sikio la kushoto, mwembamba kuliko unywele, umelazwa chini ya ngozi. Kwa miaka uzi ule ulifuata kazi ya mwenye nao: alisema nini, alinyamaza muda gani, aliinama mbele saa ngapi, na mteja alipumuaje baada ya hapo. Kutokana na hayo ukafumwa mkondo wake, na mikondo yote ikamwagwa katika Kisima. Mteja alipoketi mbele ya mshauri yeyote, Kisima kilimpima, kikachagua mkondo unaomfaa, kikampa mshauri. Hakikunong'ona. Neno lilikufikia ulimini likiwa limeshakuwa lako, na hata mwenyewe hukuweza kusema limetoka wapi.

Jamvi walijivunia jambo hilo, na walikuwa na haki. Zarina Virani, mtoto wa wenye maduka wa mji huu, hakuamini kuwa kuna huzuni ya mtu mmoja. Aliwaita mashangazi na mawifi, akawapa chai ya iliki, akawaacha wagombane mpaka wapatane. Aikande alinyamaza. Alikaa na mtu kimya hadi mtu yule aisikie sauti yake mwenyewe na kuiogopa kidogo, kisha aizoee. Nyanzala alikuwa Mnyamwezi aliyekulia Kilosa kwenye nyumba za reli, ambako Wanyamwezi na Wazaramo walizikana vizazi na vizazi, na dawa yake ilikuwa utani. Aliwatukana waliofiwa mpaka wakacheka, na walipocheka wakaweza kulia. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alifundishwa na bibi yake, na bibi yake hakujua kuwa ile ni dawa.

*

Kesho yake asubuhi aliingia Mzee Mwinyimvua. Alikuwa Mzaramo wa pwani, mmoja wa wale waliopandishwa huku juu bahari ilipokula mitaa yao, na mkewe alikufa kabla hawajazoea baridi ya milimani.

"Tua mzigo, mpagazi, uniamkie," alisema kabla hajakaa.

"Nikuamkie wewe? Mzaramo aliyeamka kabla ya saa nne, na mtaani hakuna ngoma. Nilidhani kuna mtu kakuibia kitanda."

"Kitanda kipo." Mzee aliitazama kofia yake mapajani. "Wa upande wa pili ndiye hayupo."

Hapo mshauri mwingine angesema pole. Nyanzala alijiegemeza kitini akamkagua mzee kuanzia kichwani hadi miguuni. "Unamlaumu? Mwanamke mzuri vile, kulala miaka yote na Mzaramo anayekoroma kama treni ya mizigo. Hata mimi ningejifia nipumzike."

Mzee Mwinyimvua alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita mla michembe, viazi vikavu vya kwao, akamwita mtumwa wa babu yake, na katikati ya matusi hayo machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yatoke. Nyanzala alisogeza kiti, akamshika mkono. Maneno yale yale, angeyasema Mchaga au Mhehe, mzee angenyanyua fimbo. Kwa Nyanzala, mtani wake, yalikuwa haki yake. Babu za Nyanzala walikuwa wamewabeba babu za mzee makaburini, wakatukanana njiani, na deni hilo la upendo lilikuwa halijaisha.

Mlango uligongwa. Alikuwa Daktari Lukelo Mdemu, mkuu wa kituo, na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Dada Nyanzala, samahani. Mzee, shikamoo, samahani sana. Dada, nakuhitaji ofisini. Sasa hivi."

*

Aikande alikuwa ameshaketi ofisini, mikono katikati ya magoti. Hakuinua macho.

"Yule mama wa Rungwe," Lukelo alisema, "wamemtoa bwawani alfajiri. Alivaa nguo za harusi yake."

Nyanzala alitafuta kiti kwa mkono, akakipata. "Alisema kitu kwa majirani?"

"Alisema ameruhusiwa."

Kisha Aikande akazungumza kwa sauti yake halisi, ya chini na ya polepole. "Alikuwa ananieleza jinsi anavyompenda mumewe. Mimi nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimeshajiandaa kunyamaza. Nikajisikia nasema, 'Kama unampenda hivyo, mfuate basi. Kitanda chake kipana, na huko hajaoa.' Nikacheka. Dada Nyanzala, nilicheka kicheko chako. Na yeye akanitazama, akatulia kabisa."

Maneno yalikuwa ya Nyanzala. Aliwahi kumwambia mjane mmoja wa Kizaramo, na mjane yule akamrushia kiatu, akaangua kicheko, na jioni ile akala chakula kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Maneno yalikuwa yale yale, yameponya huku na kuua kule.

"Yule mama si mtani wangu," alisema. "Wala si mtani wa Aikande. Mnyakyusa ukimwambia maneno yale anayachukua kama yalivyo. Anadhani mtu mzima, mtu wa kanisa, amempa ushauri. Kisima hakijui hilo?"

Lukelo alivua miwani. Alikuwa mtu mwema, na hapa ndipo wema wake ulipowaponza. "Hakijui. Hakina namna ya kujua. Tulilifuta swali la kabila, unakumbuka? Tulikaa hapa hapa. Tukasema mtu aliyefiwa asiingie Jamvi aulizwe kabila lake kama yuko kizuizini. Sisi si watu wa ukabila. Wote tulikubaliana, tukapigiana makofi."

Ni kweli walipigiana makofi. Katika nchi hii mtu muungwana hakuulizi kabila. Hata wanaotaniana hawaulizani. Wanasikia jina, wanasikia lafudhi, wanamaliza. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini waungwana wa Jamvi waliona kuuliza ni utovu wa adabu, na Kisima, ambacho hakina masikio ya kusikia lafudhi ya mtu wa Rungwe, kikabaki na matusi bila kujua ni ya nani kwa nani.

"Basi lirudisheni swali," Nyanzala alisema.

"Kisima si chetu peke yetu tena. Kinatumika Kigoma, Mtwara, kwenye kambi zote za waliohamishwa. Kubadilisha swali moja ni mpaka Baraza linalokisimamia likae, na Baraza litakaa baada ya masika." Alisita. "Kuna jambo baya zaidi. Kisima kinapima pumzi. Mteja akitulia haraka, kinahesabu ameponywa. Mkondo wako ndio unaotuliza haraka kuliko yote, dada. Kinakuchota wewe kuliko sisi sote tukijumlishwa. Na Tupokigwe, alipotoka chumbani, pumzi zake zilikuwa shwari. Kwa Kisima, kikao kile kimefaulu. Kimejifunza kutokana nacho. Kitarudia."

Nje walinzi walikuwa wanazungumza habari za mpira. Nyanzala aliwasikiliza kidogo, kwa sababu hakutaka kusikiliza kilichokuwa kichwani mwake.

"Mwenye mkondo anaweza kuutoa," alisema hatimaye. "Tuliwekeana mkataba hivyo. Si Baraza wala si wewe. Ni mwenyewe."

"Anaweza." Lukelo aliizungusha miwani vidoleni. "Lakini unajua ubongo ni mvivu. Kitu kikibebwa na mwingine miaka yote, wenyewe unakitua. Utani wako haukai tena kichwani mwako peke yako, unakaa kwenye uzi, nusu huku nusu Kisimani. Ukiutoa, unatoka wote. Utakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa utani. Utakumbuka maneno. Ila hutausikia."

"Kama nani?"

"Kama mimi ninavyojua Kichina. Naweza kukusomea neno, lakini halinifanyi chochote."

Aikande alinyanyua uso. Lukelo aliendelea haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Na fikiria wangapi wanaponywa nao. Wazaramo wote waliopanda huku, Wazigua, watu wa Kigoma na watani wao. Mzee wako uliyemwacha chumbani. Tukiwaondolea huo mkondo leo, nao je? Hakuna anayeweza kuusuka upya. Wewe ndiye mshauri wa mwisho aliyelelewa hivyo. Ngoja masika yapite, dada. Nakuomba. Nitawaambia washauri wawe waangalifu."

Mshauri atakuwaje mwangalifu na neno linalomfikia ulimini likiwa limeshakuwa lake? Nyanzala alitoka.

*

Alikaa uani na Aikande. Aikande alinyamaza, na safari hii ukimya ulikuwa wake mwenyewe, haukuchotwa popote. Nyanzala aliushukuru.

"Bibi yangu," alisema baadaye, "angenicheka. Angesema, mwanangu, umeweka utani kisimani kama viazi, ukategemea usioze."

"Utafanya nini?"

"Sijui. Wewe ungenyang'anywa ukimya wako, ungebaki na nini?"

Aikande alifikiri kwa uaminifu. "Ningebaki na kelele," alisema. "Ningeogopa sana."

"Na mimi naogopa. Mama yangu yuko Kilosa, bado anawatania Wazaramo sokoni. Nikienda kumsalimia atanitazama asinijue. Na Mzee Mwinyimvua amekuja mjini hapa hana mtu. Ana mimi, basi." Alifuta macho kwa kiganja, bila kuficha. "Lakini yule mama alinishukuru, Aikande. Alipita akanishukuru."

Ndipo kicheko kikasikika tena. Kilitoka dirisha la Zarina, kikapanda kwa mikwaruzo, na kabla hakijakatika Nyanzala alikuwa ameshakimbia. Jamvi kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba mlango wa kikao haufunguliwi. Aliusukuma kwa bega.

Zarina alikuwa ameketi na mwanamume mmoja mrefu, Mmang'ati aliyepoteza ng'ombe wote na ndugu wawili katika ukame. Mgolole wake ulikuwa umekunjwa vizuri magotini. Zarina alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, na juu ya vidole macho yake yalikuwa yanaomba msaada. Hakuwa ameita shangazi yeyote wala wifi. Hakukuwa na chai.

"Amekuambia nini?" Nyanzala alimuuliza yule mtu.

"Ameniambia mwanamume asiye na ng'ombe anasubiri nini duniani." Hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia, pumzi zake shwari, na utulivu ule ulimtisha Nyanzala kuliko kilio chochote alichowahi kukisikia. "Nimefikiri. Naona amesema kweli."

Nyanzala alipiga magoti mbele yake. Hakuwa mtani wake, hakuwa na haki ya kusema lolote, basi alisema pole. Alisema pole kama anavyosema mtu yeyote, tena na tena, akamshika mikono, akamwita Zarina akae upande wa pili, akamtuma Aikande, aliyekuwa amemfuata mbio, akawatafute ndugu wa mtu huyu popote walipo na awalete. Mpaka walipofika, jua lilikuwa limegeuka, na mtu yule alikuwa ameanza kulia. Walimchukua nyumbani, shemeji mbele, shemeji nyuma.

Kisha Nyanzala alikwenda kugonga ofisi ya Lukelo. "Leo," alisema. "Kabla hakijanichota tena."

*

Mdomo wa Kisima ulikuwa chumba kidogo nyuma ya ghala, chenye baridi na kiti kama cha kinyozi. Lukelo mwenyewe alimfunga ukanda kichwani.

"Lazima ukumbuke kitu," alimweleza. "Uzi unatoka kwa kufuata kumbukumbu. Chagua moja yenye utani wako wote, uishike mpaka nikuambie uiachie."

Nyanzala hakuhitaji kuchagua. Alimwona bibi yake Kilosa, siku ya mazishi ya Mzaramo mmoja fundi cherehani. Bibi ameruka ndani ya kaburi, amejinyoosha humo chali, amepishanisha miguu. Anasema kitanda kimemfaa, maiti itafute pengine, hatoki mpaka apewe kuku. Juu ya kaburi watu wanacheka, wajane wanacheka, watoto wa marehemu wanapiga magoti ukingoni na kumsihi huku machozi na kicheko vikiwatoka pamoja. Nyanzala mdogo yupo pale, ameshika kanga ya mama yake, na anajivuna hadi kifua kinauma. Yule ni bibi yangu.

Aliishika. Kitu kikapita nyuma ya sikio, cha baridi, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye pindo. Bibi bado yuko kaburini. Watu bado wanacheka. Nyanzala aliwatazama, na taratibu, bila kutaka, akaanza kujiuliza wanacheka nini. Kuna mtu amekufa. Kuna mwanamke mzee mwenye udongo nyweleni, anadai kuku kwa watu wenye msiba. Aibu ikampanda usoni. Alitamani mama yake amwendee yule mzee, amtoe shimoni, awaombe watu msamaha.

"Achia," Lukelo alisema.

Aliachia. Mkondo ulikuwa umekauka, Kigoma, Mtwara na kambini kote. Hakuna mtu ambaye angeambiwa tena maneno yale kwa sauti ile.

"Unajisikiaje?"

"Salama," alisema Nyanzala, na lilikuwa jibu la kweli.

*

Mzee Mwinyimvua alirudi wiki iliyofuata. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa, wengi wao watu wa pwani. Nyanzala alitoka kumpokea mlangoni, mabega mbele, kisigino cha kulia kikiburuta kama kawaida yake.

"Bado hujafa, mla michembe?" mzee alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Nilimwambia Mungu akuchukue, akasema huko hawahitaji wapagazi."

Nyanzala aliyasikia maneno. Alijua ni utani, kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajawahi kuuvuka. Lakini yalimchoma. Alikuwa hajamkosea kitu mzee huyu.

"Shikamoo mzee," alisema kwa upole. "Karibu. Naona leo una uchungu mwingi. Tunaweza kuzungumza ndani."

Mzee alimtazama usoni kwa makini, akatafuta. Akajaribu tena, kwa sauti ndogo, karibu ya kubembeleza. "Nyanzala. We mtumwa wangu."

"Naomba usiniite hivyo, mzee."

Mzee Mwinyimvua alivua kofia. Alisimama nayo kifuani, midomo ikimcheza, na Nyanzala akadhani ataomba radhi. Badala yake alimkabidhi mtu fimbo yake, akageuka kuelekea ukumbini, akaanza kutembea. Alitembea upesi, mabega mbele, kisigino cha kulia kikiburuta. Alisimama mbele ya bibi mmoja wa Kizaramo, akajiegemeza nyuma, akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, akamnyooshea kidole puani: na wewe, uliyemkimbia mume kwa sababu ya ngoma, umefuata nini hapa? Ilikuwa sauti ya kike, ya Kilosa, yenye mikwaruzo. Bibi yule alijiziba uso kwa kanga. Kicheko kilimtoka, kikamtoka aliye jirani yake, kikasambaa ukumbi mzima, na mzee akaendelea kutembea kati yao akiwasuta mmoja mmoja huku machozi yakimdondoka kidevuni.

Aikande alikuwa amekuja kusimama kando. "Anafanya nini yule?" alinong'ona.

"Ni desturi," Nyanzala alimweleza. "Mtani akifa, mtani wake humwiga. Mwendo wake, maneno yake. Watu wacheke kwanza, ndipo waweze kumzika."

Aikande alimshika mkono akaanza kulia. Nyanzala alijua anayeigwa ni nani. Aliwaacha wacheke mpaka wamalize, akisubiri kwa adabu, kama mtu anavyosubiri anapopita kwenye msiba wa watu asiowajua.